Mwalimu Asiachwe Peke Yake

Upo ukurasa mmoja katika kitabu cha sayansi cha shule ya msingi ambao wanafunzi huufungua mara nyingi kuliko kurasa nyingine zote, na ambao walimu huufundisha mara chache kuliko zote. Ni ukurasa wenye michoro ya viungo vya uzazi vya binadamu. Wanafunzi huufungua kwa siri wakati wa mapumziko, huku wakisukumana na kuzuia vicheko. Mwalimu naye, siku ya kuufundisha inapowadia, huandika ubaoni majina matano au sita, husema kwa haraka kwamba yaliyosalia watayasoma wenyewe nyumbani, kisha huingia katika somo la sumaku kwa sauti ya mtu aliyekwisha vuka mto wenye mamba.

Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa walioambiwa wakasome wenyewe nyumbani. Nyumbani hapakuwa na mtu aliyekuwa na neno la kutuambia. Katika darasa letu alikuwamo msichana aliyetushinda sote kwa hesabu. Tulipofungua shule baada ya likizo, nafasi yake ilikuwa tupu. Mwalimu aliliita jina lake kwa siku tatu. Siku ya nne akalipiga mstari katika daftari la mahudhurio. Hapana aliyetueleza sababu, nasi hatukuuliza, kwa kuwa sote tulikuwa tukiijua. Jina la mwanamume aliyehusika halikupigwa mstari popote, maana halikuwa limeandikwa popote.

Hatuandiki leo ili kumlaumu mwalimu yule. Tunaandika ili kumtetea, yeye na maelfu ya wenzake walio madarasani hivi sasa. Alipewa ukurasa, hakupewa maneno ya kuusemea. Chuoni hakufundishwa namna ya kulisema jambo hilo mbele ya watoto. Wazazi hawakuwa wamempa idhini, mwalimu mkuu hakuwa amemwahidi kumkinga, na mkaguzi hakuwahi kumwuliza kama alilifundisha au alilirukia. Katika hali kama hiyo, mtu mwenye busara hunyamaza. Shauri letu ni kwamba elimu ya uzazi na mahusiano haina budi kufundishwa shuleni, na ifundishwe wazi na kwa heshima. Lakini haitafundishwa hata siku moja iwapo mzigo wote utatuliwa juu ya kichwa cha mwalimu mmoja aliyesimama na chaki mkononi.

Hali ilivyo

Kwanza tuitazame hali yenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya uzazi na watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 27 walikuwa wamekwisha zaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Katika Mkoa wa Katavi walikuwa 45, na katika Mkoa wa Tabora 43. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hesabu ya taifa imeshuka hadi 22. Kushuka huko ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, msichana mmoja katika kila watano bado ni wengi mno, hasa tukikumbuka kwamba nyuma ya kila tarakimu yupo mtoto aliyekuwa na daftari, kalamu na matumaini ya wazazi wake.

Si kwamba nchi haina sheria. Tangu mwaka 1998, sheria ya makosa ya kujamiiana inamhesabu mwanamume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mkewe kuwa amebaka, hata kama msichana alikubali. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na mtu ampaye mwanafunzi mimba au amwoaye akawekewa adhabu ya kifungo cha miaka 30. Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliona kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi vilikuwa kinyume cha Katiba. Na Mahakama ya Rufani iliukubali uamuzi huo mwezi Oktoba 2019.

Yapo pia mabadiliko ya karibu zaidi. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba wasichana wa namna hiyo hawatarudi katika shule za Serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 msimamo huo uliondolewa, na waraka ukatoka wa kuwaruhusu kurejea masomoni baada ya kujifungua. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, nao ulifuta machozi mengi. Lakini mlango wa kurudia shuleni ukifunguliwa, haina maana kwamba ule wa kutokea umefungwa. Sheria humkamata mkosaji baada ya kosa, na waraka humpokea msichana baada ya msiba. Kinachokosekana ni kile cha kumfikia mtoto kabla ya yote hayo, nacho ni maarifa.

Somo si la kigeni

Wapo wasemao kwamba kuwafundisha watoto mambo haya ni desturi ya kigeni, iliyoletwa na wageni ili kuharibu mila zetu. Watu hao hatuwadharau, kwa sababu wanalolihofia ni la kweli: wanahofia watoto wao. Lakini katika hilo la ugeni wamekosea, na ushahidi umo katika lugha yetu wenyewe. Neno “somo” kwa Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Somo ni kile kinachofundishwa darasani. Na somo, katika desturi za pwani, ni mwanamke mzima anayekabidhiwa mwali aliyevunja ungo ili amfunde. Wazee walioliweka neno hilo hawakuona ajabu kwamba mambo ya mwili na utu uzima yafundishwe. Waliona ajabu yasipofundishwa.

Wamakonde, Wayao, Wamwera, Wazaramo na wengine wengi walikuwa na unyago kwa wasichana na jando kwa wavulana. Kungwi alimweleza mwali hedhi ni nini na ajisitiri vipi, aheshimu vipi wakubwa, na aishi vipi na mume. Ngariba na wasaidizi wake waliwafunda wavulana wajibu wa mwanamume. Kwa watu wengine wa bara, ambako hapakuwa na unyago wa namna hiyo, kazi ilifanywa na bibi na shangazi kwa wasichana, na babu kwa wavulana, jioni penye moto. Hata leo, katika madrasa, maalimu huwafundisha watoto waliokaribia kubalehe hukumu za hedhi, janaba na twahara kwa majina yake, wala hapana mzazi anayekwenda kumshitaki maalimu kwamba amemharibia mtoto. Fundisho lililotolewa mahali panapostahili, na mtu anayestahili, huitwa malezi.

Hatusemi kwamba unyago urudishwe kama ulivyokuwa. Ulimfunda msichana ili aolewe mara atokapo ndani, na mara nyingine alikuwa bado mtoto mdogo sana. Mwali hakuulizwa atakalo. Dunia ya leo inamtaka msichana huyohuyo amalize shule kwanza. Lakini malezi ya jadi yalikuwa na mambo matatu ambayo hatuna budi kuyaiga. La kwanza, mwalimu wake alijulikana na alikuwa ameandaliwa kwa kazi hiyo. La pili, wakati wake ulijulikana: mtoto hakufundwa mapema mno, wala hakuachwa hadi amechelewa. La tatu, na lililo kubwa, jamii nzima ilikuwa nyuma ya kungwi. Alipotamka neno, lilikuwa neno la wazee wote, naye hakuwa na haja ya kuona haya. Mwalimu wa shule ya leo hana hata moja kati ya hayo matatu.

Na wakati sisi wazima tunabishana juu ya nani aseme, mtoto hangoji. Bibi amebaki kijijini, mjukuu yuko mjini. Msichana wa shule ya kata aliye mbali na kwao amepangishiwa chumba karibu na shule, kile ambacho vijana hukiita geto, ambako hakuna mzazi wala mlezi. Kungwi wake sasa ni simu. Ndani ya simu hiyo mvulana wa miaka 12 huona picha ambazo baba yake hajaziona, naye hujifunza humo kwamba mwanamke ni kitu cha kutumiwa na kwamba mwanamume haulizi. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakujua kwamba siku moja ulimwengu wote ungeweza kuingia katika mfuko wa kaptura.

Funzo kutoka Mwanza

Katika nchi yetu upo mfano mmoja wa jambo hili uliopimwa kwa makini, nao ulifanyika hapa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1999 mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana ulianza katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo ulikuwa bado na Geita ndani yake. Jamii 20 zilichaguliwa. Kumi kati yake, kwa kupigiwa kura, zilipata mpango huo. Kumi zilizosalia zikabaki kuwa za kulinganishia. Walimu wa darasa la tano hadi la saba walipewa mafunzo na vitabu vya kufundishia, wanafunzi waliochaguliwa na wenzao waliwasaidia kwa maigizo, na wahudumu wa zahanati walifundishwa namna ya kumpokea kijana bila kumkaripia. Vijana 9,645 waliandikishwa ili hali zao zifuatiliwe.

Matokeo yake yana pande mbili, na ni wajibu wetu kuzitaja zote. Upande wa kwanza ni wa kutia moyo. Vijana wa jamii zilizopata mpango walijua zaidi juu ya UKIMWI, magonjwa ya zinaa na kuzuia mimba kuliko wenzao. Watafiti waliporudi mwaka 2007 na 2008, wakawapima vijana 13,814 wa umri wa miaka 15 hadi 30, walikuta kwamba ujuzi ule ulikuwa bado umo vichwani, miaka kadhaa baada ya wengi wao kuliacha darasa. Mwalimu wa kijijini, mwenye darasa lililojaa na mshahara mdogo, aliweza kulifundisha somo hili, na watoto wakalishika. Asemaye kwamba haiwezekani ajibiwe kwa mfano huo.

Upande wa pili unauma. Maambukizi ya virusi vya UKIMWI na ya malengelenge ya sehemu za siri hayakupungua katika jamii zile kuliko katika jamii nyingine. Katika uchunguzi huo wa 2007 na 2008, vijana wa kiume waliokuwa na virusi walikuwa asilimia 1.8, na wa kike walikuwa asilimia 4.0, yaani zaidi ya mara mbili. Wako watakaosoma hapa na kusema: basi tuache, kazi bure. Huko ni kusoma nusu ya barua. Ujuzi ulikuwamo, kilichokosekana ni uwezo wa kuutumia. Msichana anajua kabisa jinsi mimba inavyoingia. Lakini anatembea saa moja na nusu kwenda shule, na anayesimamisha chombo kumpa lifti anataka malipo. Anajua kukataa, lakini hana fedha ya sabuni wala ya daftari, na mwenye duka anayo. Kijana wa kiume amefundishwa kuheshimu, lakini kijijini anaona kwamba mwanamume mwenye kusifiwa ni yule mwenye wanawake wengi.

Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampeni ya redio ilimpa mtu wa namna hiyo jina lililoenea nchi nzima: Fataki. Alikuwa mtu mzima mwenye fedha, anayewarubuni wasichana wa shule kwa chipsi na vocha. Watu walicheka, jina likaingia katika lugha, na hata leo mwanamume akionekana akimnyemelea mwanafunzi huitwa fataki. Kampeni hiyo ilifanya jambo moja la busara sana: iliacha kumwelekezea kidole msichana peke yake, ikamwelekezea mtu mzima. Shule nayo ikifundisha vizuri, lakini fataki akangoja nje ya uzio bila kuguswa na mtu, tumemvika mtoto kanzu safi tukampeleka matopeni.

Funzo la Mwanza kwetu, basi, ni kwamba shule inaweza kutimiza sehemu yake, lakini sehemu yake si kazi yote. Shule inayosaidiwa na zahanati, wazazi, serikali ya kijiji na polisi itazaa matunda. Shule iliyoachwa peke yake itazaa watoto wenye majibu sahihi katika mtihani na maisha yaleyale.

Wafundishwe nini?

Hofu kubwa ya wazazi ni kwamba kumwambia mtoto ni kumchochea. Shirika la UNESCO lilitoa mwongozo wake wa elimu hii mwaka 2009, likaurekebisha mwaka 2018 baada ya kupitia tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Na ilionekana kwamba elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza mapenzi wala haiongezi vitendo hivyo. Lakini hofu haiondolewi na tafiti peke yake. Huondolewa mzazi anapojua hasa mtoto wake ataambiwa nini, na katika umri gani.

Mtoto wa darasa la kwanza au la pili hahitaji kuelezwa habari za mapenzi. Anahitaji kujua majina ya viungo vyake bila kuona aibu, kujua kwamba mwili wake ni wake, kwamba hakuna mjomba, jirani wala mwalimu mwenye ruhusa ya kumshika sehemu za siri, na kwamba akishikwa aseme, tena hatapigwa kwa kusema. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufika miaka 18, na wavulana walikuwa asilimia 13. Watoto hao hawakuharibiwa na elimu. Waliharibiwa na watu wazima, na kimya chetu kikawafichia wakosaji.

Mtoto wa darasa la nne na la tano aelezwe mabadiliko ya mwili kabla hayajamkuta. Ni ukatili wa namna yake kumwacha msichana aione damu yake ya kwanza akiwa darasani, akidhani anakufa. Na ni vibaya vilevile kumwacha mvulana adhani kwamba ndoto za usiku ni ugonjwa au uchawi. Darasa la sita, la saba na sekondari wafundishwe mimba na magonjwa, njia za kujikinga, sheria za nchi, na faida ya kusubiri. Subira ifundishwe kwa heshima yote, kwa maana dini zetu zote zinaiamrisha, na kwa mtoto wa shule hakuna kinga iliyo bora zaidi. Lakini isifundishwe kwa vitisho na uongo, kwa sababu kijana akigundua kwamba mwalimu alimdanganya katika moja, hatamwamini katika jingine.

Wala tusilisahau neno “mahusiano”. Huenda hilo ndilo somo lenyewe. Kijana wa kiume afundishwe kuomba na kukubali kukataliwa bila hasira. Huku Usukumani tunaijua desturi ya chagulaga, ambapo vijana humzingira msichana na kumtaka achague mmoja wao. Wazee huieleza kuwa mchezo wa uchumba. Lakini mchezo ambao msichana hana ruhusa ya kujibu “sikumchagua hata mmoja” umepoteza uchezaji wake. Neno “hapana” ni fupi. Kulitamka kwahitaji mafunzo, na kulisikia kwahitaji mafunzo zaidi. Kwa miaka mingi tumewafunza wasichana kukimbia. Wakati umefika wa kuwafunza wavulana kutowafukuza.

Msaada unaotakiwa

Msaada kwa shule uwe wa namna gani? Kwanza ni maandalizi ya mwalimu. Chuo cha ualimu kimpe mwanachuo nafasi ya kuyasema maneno haya kwa sauti mbele ya wenzake, mara ya kwanza kwa kicheko, mara ya pili kwa kigugumizi, mara ya tatu kwa utulivu. Mwalimu ambaye ulimi wake haujayazoea maneno hawezi kuyafundisha, hata awe na kitabu kizuri namna gani. Katika kila shule wachaguliwe walimu wawili, mwanamke na mwanamume, wenye hulka ya kuaminiwa na watoto, na kazi hiyo ihesabiwe katika vipindi vyao, isiwe nyongeza ya jioni. Tena somo liwe na muda wake katika ratiba na maswali yake katika mtihani. Sote tunajua kwamba lisilotahiniwa halifundishwi.

Pili ni wazazi na viongozi wa dini, nao waitwe mapema. Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2016 elimu ya namna hii ilipigwa marufuku shuleni huko. Mwaka 2018 Serikali ikatoa mwongozo mpya, nao mara ukapingwa na viongozi wa kanisa. Yawezekana mwongozo ulikuwa na mema mengi ndani yake, lakini nyumba inayojengwa bila kumwarifu mwenye kiwanja haikosi ugomvi. Kamati ya shule iite mkutano mwanzoni mwa mwaka, mwalimu aweke kitabu mezani, mzazi akifungue na asome. Padri, mchungaji na shehe waulizwe, nao waelezwe. Mzazi aliyekwisha kiona kitabu kwa macho yake hawezi kudanganywa na uvumi wa sokoni.

Tatu ni zahanati. Mwalimu si mganga. Mara moja katika kila muhula muuguzi afike shuleni ajibu yale yaliyomshinda mwalimu, na kijana akienda zahanati asiulizwe mbele ya foleni, “Wewe mtoto wa fulani, umekuja kutafuta nini hapa?” Swali moja kama hilo hufuta kazi ya mwaka mzima.

Nne, na hapa tunasema bila kuficha, ni usafi wa nyumba ya mwalimu mwenyewe. Wapo walimu wachache wanaowataka wanafunzi wao, na uchache wao haupunguzi uovu wao. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa. Mwalimu wa namna hiyo asihamishiwe shule nyingine kimyakimya, kwa kuwa huko ni kumhamisha fisi kutoka bucha moja kumkabidhi bucha nyingine. Apelekwe mbele ya sheria, na kesi isimalizwe nyumbani kwa ng'ombe wawili na soda. Mtoto hatalisadiki somo la heshima kutoka katika ofisi inayomficha mvunja heshima. Dawati la jinsia na watoto la polisi lipo. Wanafunzi wajulishwe lilipo na namna ya kulifikia.

Tano ni mahitaji ya kawaida kabisa: vyoo vyenye mlango na maji, mabweni karibu na shule za kata, na njia salama ya kwendea shule. Tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, vijana wengi zaidi wamo shuleni katika umri uleule wenye hatari. Hilo ni jambo jema, nalo lina gharama zake. Msichana aliyefunzwa vyema, kisha akalala katika geto lisilo na kitasa, hatukumfunza sawasawa.

Lipo jambo moja jingine lisilohitaji fedha. Mwezi Desemba 2013 mawaziri wa elimu na wa afya kutoka nchi 20 za Mashariki na Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, walikutana Cape Town wakaahidi kuwapa vijana elimu hii na huduma zinazoambatana nayo. Ahadi za mawaziri ni nzuri, lakini mwalimu wa kijijini hakuwapo Cape Town. Anayemjua yeye ni mwalimu mkuu wake, mwenyekiti wa kamati ya shule, na mzazi anayekutana naye kisimani. Hao ndio wanaoweza kumwambia, kwa maneno machache: fundisha, sisi tuko nyuma yako. Kungwi wa zamani aliambiwa hivyo na jamii yake, na ndiyo sababu hakuona haya.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Nasi tumeficha kwa muda mrefu, tukadhani tunalinda heshima, kumbe watoto wetu walikuwa wakizaa gizani. Kesho asubuhi katika shule nyingi za mkoa huu mwalimu atafika kwenye ukurasa ule. Ataangalia darasa, nalo litamwangalia yeye. Kama ataurukia au ataufundisha, hilo halitaamuliwa na ujasiri wake peke yake. Litaamuliwa na sisi tulioketi nje ya darasa. Na katika safu ya tatu au ya nne, huenda amekaa msichana anayewashinda wenzake wote kwa hesabu, ambaye jina lake bado limo katika daftari la mahudhurio.